Fedha za Kumsomesha Mtoto wa Mgeni Hutoka Wapi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Sisi ni wakimbizi kutoka Kongo, na tuliishi miaka 12 katika kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa Houston, Texas. Mwanangu wa darasa la nne hufundishwa Kiingereza na mwalimu maalumu nusu saa tu kwa siku. Jirani ananiambia nishukuru hata hiyo, kwani watoto wetu wanasomeshwa kwa kodi za wenyewe. Je, ni kweli?
Mama wa watoto wawili, Houston

JIBU: Marahaba, mama. Shule za umma za Texas huendeshwa zaidi kwa fedha za jimbo na kwa kodi ya majengo inayotozwa hapo hapo zilipo, na mwenye nyumba anapokadiria pango lako huwa amekwisha kuitia kodi hiyo ndani, kwa hiyo hao "wenyewe" ni pamoja nawe. Hoja ya jirani si ngeni: mwaka 1975 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuzinyima shule fedha za watoto walioingia nchini bila kibali, na mji wa Tyler ukaanza kuwatoza dola 1,000 kwa mwaka, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoitengua sheria hiyo mwaka 1982 kwa kura tano dhidi ya nne. Wanao waliingia kwa kibali. Hata mzozo huo hauwahusu.

Nusu saa ni kidogo, lakini sidhani kama ni roho mbaya ya shule. Mwaka 2023 mfuko wa shirikisho wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza ulikuwa na dola milioni 890, nao walikuwa zaidi ya milioni tano, yaani haifiki dola 200 kwa mtoto. Texas huongeza kiasi chake kwa kila mtoto aliyeandikishwa katika mpango wa lugha, na hapo ndipo wazazi wetu wengi hujipunja bila kujua. Siku ya kuandikisha mtoto hupewa fomu inayouliza ni lugha gani inazungumzwa nyumbani. Mzazi, kwa kuogopa mwanawe asitengwe, huandika "Kiingereza", ilhali nyumbani hata salamu ni za Kiswahili. Mtoto huyo hapimwi wala hahesabiwi. Tena, wilaya ya shule yenye wanafunzi 20 au zaidi wa lugha moja katika ngazi moja ya darasa, tuseme darasa la nne, ambao Kiingereza hakijawakaa, hutakiwa na sheria ya Texas kuwa na mpango wa kufundisha kwa lugha mbili. Sasa Waswahili watafikaje 20 ikiwa kila mmoja ameandika Kiingereza?

Mwanao anaye mwalimu, basi alihesabiwa. Angalia fomu ya mdogo wake. Kisha omba kuonana na kamati ya shule inayopanga msaada wa lugha, ambayo ni lazima iwe na mzazi miongoni mwa wajumbe wake, uulize matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa kila mwaka na sababu ya kupewa nusu saa. Omba mkalimani mapema, nawe usikubali mwanao ndiye akutafsirie kikao kinachomjadili yeye mwenyewe.