LilyPond imeganda kwenye fonti, nizime nianze upya?

SWALI: Kaka habari za kazi. Niko Kihesa, Iringa, nakompaili LilyPond, ile programu ya kuchapa nota za muziki, yaani naijenga mwenyewe toka kwenye kodi zake, kwenye laptop ya Debian (Linux) yenye RAM ya 2GB, nataka kuchapa nota za kwaya yetu. Nilipiga make -j4, yaani kazi nne kwa mpigo, ikaenda fresh, ilipofika kutengeneza fonti imesimama, saa nzima hakuna mstari mpya. Nizime?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Usizime kwanza, fungua terminali ya pili uandike top, alafu tafuta mpost na fontforge, programu mbili zinazotengeneza fonti, uone zinakula CPU kiasi gani, maana kuganda kuko kwa aina mbili na dawa zake hazifanani kabisa.

Ukikuta iko asilimia 90 kwenda juu, iache, inapiga kazi. Fonti ya LilyPond inaitwa Emmentaler na ukikompaili mwenyewe kila alama inachorwa kwa mahesabu, mpost inachora, fontforge inasafisha mistari iliyopandana, na mzigo huo unarudiwa kwa saizi 8, kuanzia 11 mpaka 26, bado mabano makubwa yale ya kufunga mistari ya sauti pamoja. Kwa RAM ya 2GB hiyo -j4 ndo inakuumiza, fontforge kadhaa zinagombania memori mashine inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, cheki kwa free -m, kama swap, hiyo sehemu ya diski inayosaidia RAM, imejaa, rudi kwenye make -j1, kazi moja moja. Itachelewa lakini itafika.

Ukikuta 0.0 na haibadiliki, hapo inakusubiri wewe. Hizi programu kama mpost, za ukoo wa TeX (mfumo wa kupanga maandishi ya kuchapa), zikikosa faili huwa hazifi, zinakuuliza utaje jina la faili lingine, zinakaa zinasubiri ujibu, na swali lenyewe limemezwa kwenye logi hulioni. Piga Ctrl+C, alafu make -j1 < /dev/null, ikiuliza inakosa wa kumjibu, inakufa palepale na kosa unalisoma kwa macho yako. Mara nyingi ni kifurushi kimepungua, kwa Debian sudo apt build-dep lilypond inavuta vyote, ila washa kwanza mistari ya deb-src kwenye orodha ya vyanzo vya apt.

Na umeme je, ulikatika katikati? Mimi huku Mwanjelwa ilishanitokea, nikahangaika usiku mzima, kuja kufungua folda ya fonti nakuta faili moja lina baiti 0. Make inaangalia tarehe tu, ikiona faili ni jipya inajua limeisha, haliguswi tena. Futa folda nzima ya mf/out ndani ya build, anza upya hatua hiyo tu, mengine yote yanabaki.

Ila kama shida yako ni nota tu na jumapili inakaribia, kaka, sudo apt install lilypond inatosha, fonti zinakuja tayari. Kukompaili fanya kama unataka toleo jipya au unataka kujifunza. Ikigoma nitumie mistari 20 ya mwisho.