Mvua ya Masika, Boti Majini, na Kosa Langu la Kuvuta Kamba Haraka

Aprili mwaka juzi niliiacha boti yangu imefungwa kwenye boya mtoni Pangani, upande wa mjini, nikaenda Tanga mazikoni. Nilikusudia kulala usiku mmoja. Nikalala mitatu, na mvua haikunyamaza hata usiku mmoja. Niliporudi dikoni, zinakofikia boti, niliiona kwa mbali: gubeti, yaani pua ya boti, limetazama mbinguni kama kuku anayekunywa maji, na tezi, yaani sehemu ya nyuma, limebakiza shubiri moja tu juu ya mto. Ndani, tangi la petroli linaelea, betri imezama, na pembeni kuna kandambili moja ambayo mpaka leo sijui ni ya nani.

Nilifua maji kwa ndoo zaidi ya saa nzima. Nilipoona sakafu, hasira na haraka vikanitawala. Nikajiambia, niitoe sasa hivi nje ya mlango wa mto, niipandishe mchangani, yaishe. Mashine ya boti ikawaka mvuto wa tatu. Nikamshukuru Mungu, nikafungua kamba ya boya. Kufika mlangoni, maji yanakupwa na mto umefura kwa mvua za bara, mashine ikakohoa mara mbili ikazima. Nikavuta kamba ya kuiwashia mpaka bega likauma. Nanga nayo ikaburuta kwanza kabla ya kushika. Wavuvi waliokuwa wanaingia ndio walionivuta kurudi, na nahodha wao, mzee wa makamo ya baba yangu, aliniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, mafuta uliyatazama kabla hujavuta?"

"Sikuyatazama, mzee."

"Basi usiitukane mashine."

Nilikuwa nimeshaitukana sana.

Wengi tunadhani maji ya mvua ni jambo dogo kwa sababu hayana mawimbi. Fanyeni hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Boti yangu ya faiba ina urefu wa mita 6 na iko wazi. Sehemu inayopokea mvua ni kama mita 9 za mraba. Mvua ikipiga milimita 50 usiku, na masika huku hilo si ajabu, umepata lita 450. Hizo ni kilo 450, sawa na mifuko 9 ya saruji. Na mifuko ya saruji ina heri, kwani ukiipanga inatulia. Maji hayatulii. Yanakimbilia palipo chini, na palipo chini ni tezi, ambako tayari kuna mashine, betri na tangi. Tezi likishuka, maji mengine yanafuata hukohuko, na pale ubao ulipokatwa kwa ajili ya kukalisha mashine ndipo penye kimo kifupi kuliko pote. Ikipita boti nyingine na kuleta wimbi dogo tu, mto unaingia ndani, na hapo mvua haina kazi tena.

"Lakini si ulikuwa na pampu ya kujiwasha?" Nilikuwa nayo, na ndiyo iliyonipa usingizi mazikoni. Nilipoifungua nilikuta kipande cha mshipi wa kuvulia wa nailoni kimejizungusha kwenye floti, swichi inayoelea na kuwasha pampu maji yakipanda, kimeibana juu. Pampu ikaendelea kuzunguka kavu baada ya kumaliza maji ya kwanza, mpaka betri ikafa. Pampu ndogo kama ile inakula kama ampea 2 na nusu; betri ya ampea-saa 70, hata ikiwa mpya na imejaa, haivuki siku moja na saa chache. Mvua ya usiku wa pili na wa tatu ilikuta pampu ni pambo. Takataka zote unazoziona zimelala sakafuni, magamba, vipande vya mfuko, vipande vya mshipi, mvua huziokota na kuzipeleka mahali pamoja: kwenye ngama, yaani chini kabisa ya boti, ilipo pampu. Siku hizi nafagia boti kabla ya kuiacha, hata kama imebaki safari moja kesho yake. Kisha nainua floti kwa kidole, nasikia pampu inalia, naiachia, nasikia inanyamaza. Kulia peke yake hakutoshi. Sikilizeni na kunyamaza kwake.

Sasa mashine. Kichwa chake hakikuzama, wala plagi hazikulowa. Tatizo lilikuwa kwenye kifuniko cha tangi. Matangi haya ya plastiki ya lita 25 yana skrubu ndogo ya hewa juu ya kifuniko. Ukiwa safarini lazima uifungue, la sivyo tangi linajibana na mafuta hayaji. Ukifika unatakiwa kuifunga. Mimi nilikuwa na mazoea ya kuiacha wazi, maana kiangazi haina madhara unayoyaona. Siku zile tatu maji yalipenya palepale.

Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakaa chini, na bomba la tangi linanyonya kutokea chini. Ndiyo maana mashine iliwaka vizuri. Iliwaka kwa petroli safi iliyobaki kwenye mpira wa mafuta na kwenye kabureta, ikanibeba mpaka mahali pabaya kuliko pote, ndipo maji yakafika. Mashine yenye maji kwenye mafuta haikatai kuondoka, na hapo ndipo inapokudanganya. Ingekataa kuwaka bandarini ningekuwa nimepona.

Kipimo chake hakina gharama. Mimina petroli kutoka chini ya tangi kwenye chupa ya maji iliyo wazi, isimamishe kama dakika 10, itazame juani. Ukiona mstari, chini kuna kitu cheupe kama maji na juu rangi ya mafuta, usivute. Ondoa mafuta yote kwenye tangi, futa ndani mpaka pakauke, minya mpira utoe yaliyomo, na fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta utoe yaliyojikusanya. Mimi niliacha tangi nikasafisha kabureta peke yake. Nikaisafisha tena kesho yake. Baadaye nilifunga chujio lenye kikombe cha kutenga maji, kati ya tangi na mashine. Ni pesa, lakini ni ndogo kuliko siku moja ya kukosa wageni wa kwenda kisiwa cha Maziwe.

Kama boti imelala kabisa na kichwa cha mashine kimezama, hapo jambo ni jingine. Usivute kwa nguvu. Maji hayabanwi, yakiwa ndani ya silinda, vitakavyopinda ni vyuma. Toa plagi kwanza, elekeza matundu chini, zungusha polepole mpaka maji yatoke, oshea maji baridi yasiyo na chumvi, tia oili kwenye silinda, na uipeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Hewa na chumvi zikikutana ndani ya chuma kilicholowa, kesho ni mbali mno. Na kama mashine yako ni ya mipigo minne (four-stroke), tazama oili: ikiwa kama chai ya maziwa, usiiwashe nayo.

Kuhusu turubai, nina maoni yangu. Turubai lililolazwa bapa ni beseni. Linajaa, linazama katikati, linararua vishikizo, na yote yanamwagika ndani kwa mpigo mmoja. Weka mti katikati kutoka gubeti hadi tezi, ulilaze juu yake mteremko pande mbili kama paa la makuti. Na masika ikichachamaa, dawa bora bado ni ile ya wazee: subiri bamvua, maji yanapojaa sana, pandisha boti juu kabisa mchangani, toa kizibo cha tezi, mashine ikalale nyumbani. Mimi mashine ya nguvu farasi 15 naibeba na mwenzangu. Wenye 40 mtafute vijana.

Boti ikilazimika kubaki majini, namlipa kijana wa dikoni kila asubuhi ya mvua akaifue maji. Ana upo wake mwenyewe wa kufulia maji, wa dumu la mafuta ya kula lililokatwa. Haujawahi kuisha betri.

Jambo la mwisho, dogo la aibu. Baada ya kusafisha kila kitu mashine iligoma tena, nikahangaika nusu siku. Kumbe kile kiklipu chekundu cha kamba ya usalama, kinachozima mashine ukianguka, kilikuwa kimechomoka wakati wa kusafisha huko, kikaenda na ndoo. Nimenunua viwili. Cha akiba nimekifunga kwenye kipande cha ile kandambili, ili kikianguka kielee.