Jibu: Utajuaje hoja ya ukaguzi imefungwa kweli?

Ndugu, umeuliza mkaguzi atajuaje kwamba benki imerekebisha kweli hoja, yaani kasoro aliyoiandika kwenye ripoti yake, ili aifunge bila kurudia ukaguzi wote. Kwanza, barua ya menejimenti inayosema "tumetekeleza" si ushahidi. Ni dai, nalo linahitaji kuhakikiwa.

Chukua hoja ya kawaida: mikopo iliyotolewa bila dhamana kusajiliwa. Wengi huletewa mafaili yaleyale yaliyotajwa kwenye ripoti, sasa yamejazwa vizuri, wakafunga hoja. Hapo umethibitisha mafaili, hujathibitisha utaratibu. Mimi ningechagua mikopo mipya, iliyotolewa baada ya marekebisho, orodha itolewe kwenye mfumo mbele ya macho yangu, kisha nihakiki dhamana kwa msajili mwenyewe. Afisa aliyeidhinisha mkopo asiwe ndiye anayekuletea uthibitisho.

Hata mfumo usiuamini peke yake. Imperial Bank ya Kenya iliwekwa chini ya usimamizi Oktoba 2015, na ikabainika kuwa mikopo mikubwa ilikuwa imefichwa nje ya vitabu rasmi kwa miaka mingi. Sampuli kutoka kwenye orodha rasmi isingegusa hata mmoja kati ya hiyo! Kwa hiyo linganisha leja, yaani daftari la hesabu za benki, na fedha zilizotoka kweli, na waandikie wateja moja kwa moja kuuliza salio lao. Majibu yaje kwako, yasipitie tawini.

Hoja iliyofungwa ikijirudia, ipeleke kwenye kamati ya ukaguzi ya bodi, usimrudishie meneja yuleyule.