Kuitambua familia ya S12 kwa nafasi nane tu

Ukiwa na rundo la mifuatano ya protini isiyo na majina, anza kutafuta S12, mojawapo ya protini za ribosomu (mashine ya seli inayounda protini). Alama yake katika PROSITE, hifadhidata ya ruwaza za protini, ni [RK]-x-P-N-S-[AR]-x-R: kila herufi kubwa ni asidi amino moja, mabano ni "mojawapo ya hizi", x ni asidi amino yoyote. E. coli ina KKPNSALR, binadamu ana KQPNSAIR. Ya binadamu huitwa RPS23, na jina hilo limewapoteza wengi. Tangu 2014 zote zina jina la pamoja, uS12.

Nafasi nane zinatosha? Tukichukulia kila asidi amino hutokea mara 1 kwa 20, ruwaza hii huangukia mahali kwa bahati mara 1 kwa milioni 16. Kwa protini zote za bakteria mmoja huna wasiwasi. Kwa hifadhidata ya asidi amino milioni 200, tarajia kumi na kitu za uongo. Zichuje kwa urefu (S12 kwa kawaida ina asidi amino 120 hadi 150) na kwa mahali: ruwaza hukaa kabla ya katikati, si mkiani.

Kosa linaloumiza zaidi ni la kijinga. Watu huandika grep '[RK].PNS[AR].R' (amri ya kompyuta inayotafuta ruwaza mstari kwa mstari; nukta ni x) moja kwa moja kwenye faili ya FASTA, muundo wa kawaida wa kuhifadhi mifuatano, ambayo mara nyingi hukata mstari kila baada ya herufi 60. Kwa binadamu K ni ya 60 kamili, QPNSAIR inaanza mstari wa pili, na grep haioni kitu. Unganisha kwanza kila mfuatano uwe mstari mmoja.

Kisha kuna mabadiliko ya jeni. Lisini (K) ya 43, ya kwanza katika ruwaza, katika bakteria wa kifua kikuu ikigeuka ajinini (R) huleta usugu kwa dawa ya streptomisini, lakini ruwaza bado inashika kwa sababu ya [RK]. Ikigeuka threonini (T), usugu upo na ruwaza inakataa. Kwa hiyo kukosa si ushahidi kwamba protini haipo. Rudia kwa programu ya HMMER na profaili PF00164 (kielelezo cha takwimu cha familia hii), inayopima mfuatano mzima badala ya kusema ndiyo au hapana.

Kwenye kloroplasti (sehemu ya seli ya mmea inayofanya usanisinuru) angalia zaidi: katika mimea mingi jeni ya S12, rps12, imevunjika, kodoni 38 za mwanzo (kila kodoni huleta asidi amino moja) ziko mbali na zilizobaki. Ukitafsiri DNA moja kwa moja utapata ruwaza kwenye kipande kisicho na mwanzo. Usikitupe kwa sababu ya ufupi wake. Tafuta kipande cha kwanza kwingineko kwenye jenomu hiyohiyo.