Biti za ruta zinaisha makali mapema

SWALI: Habari ya kazi fundi, mi natengeneza milango na kabati hapa Kondele, Kisumu. Nilinunua seti ya biti za ruta, vile vichwa vya kukatia vya mashine ya kuchonga kingo za mbao, bei ya chini, wiki mbili tu zinachoma mbao, moshi kila mahali. Ninunue gani?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kwanza seti achana nayo, kati ya biti kumi na mbili utatumia labda nne, afadhali ununue moja moja ya maana. Angalia kama makali ni ya kabaidi, ile metali ngumu sana inayochomelewa kwenye biti, zile za chuma tupu kwa saiprasi zinajikaza lakini ukigusa mvule ama MDF (bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi) zimeisha, ile gundi ya MDF inakula chuma vibaya sana. Kabaidi yenyewe iwe nene ndio uweze kuinoa tena, na uangalie pale imechomelewa kusiwe na mashimo. Kama ruta yako inashika mguu (shina la biti) wa nusu inchi chukua huo, hautingishiki kama wa robo. Na usishike biti ya mguu wa milimita 6 kwa koleti (kishikio cha biti kwenye ruta) ya robo inchi, koleti hiyo ni milimita 6.35, itachomoka ikurukie! Halafu zile kubwa za inchi mbili punguza spidi, moshi mwingine ni wewe mwenyewe unauleta.