Kabla boom halijaishia kwenye vitabu vya udaktari

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza wa udaktari, orodha ya vitabu mtakayopewa msiende nayo dukani. Mhadhiri anaitoa ili swali likikusumbua ujue pa kulitafutia jibu. Hakuna anayesoma vitabu vyote vile, na boom, yaani fedha ya mkopo wa chuo, sehemu yake ya vitabu na viandikwa kutoka Bodi ya Mikopo haiwezi kuvimaliza.

Jiulize kwanza: yaliyomo humu yatachakaa lini?

Anatomia, elimu ya maumbile ya mwili, haichakai. Neva ya radiali inapita nyuma ya humerasi, mfupa wa juu wa mkono, leo kama ilivyopita enzi za babu zetu. Kwa hiyo toleo la zamani la kitabu cha Moore au cha Snell, ulilouziwa na kaka au dada wa mwaka wa tatu, litakufaa kabisa. Usinunue vyote viwili. Nenda maktaba, soma mtandao wa neva za bega katika kila kimoja, kisha chukua kile ulichokielewa bila kurudia ukurasa mara tatu. Kwenye atlasi usibane fedha kwa kutoa kopi nyeusi na nyeupe: ateri nyekundu, vena ya bluu na neva ya njano vyote vitageuka kijivu, na hapo umepoteza kazi yote ya atlasi.

Fisiolojia, elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, ndiyo ningekushauri uitolee fedha yako bila kusita. Kitabu cha Guyton ni kinene, kinatisha, lakini kinaeleza sababu. Utakirudia mwaka wa tano ukiwa mbele ya mama aliyevimba miguu kwa moyo kushindwa kazi, utake kujua yale maji yametoka wapi. Vya biokemia (kemia ya mwili) na embriolojia (ukuaji wa mimba), azima tu. Kwa wengi wenu vitabu hivyo vina wiki zake, zikipita vinabaki rafuni.

Vitabu vya tiba ni habari nyingine, na hapa nawasihi msikilize. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipandisha dozi ya sindano ya artesuneti kwa mtoto mwenye malaria kali aliye chini ya kilo 20, kutoka miligramu 2.4 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito. Kitabu kilichochapwa kabla ya hapo hakiwezi kukuambia hilo, hata kikiwa kizuri namna gani. Kabla yake, mwaka 2011, utafiti mkubwa uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania ulionyesha kwamba watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko wa kitabibu, yaani damu kutofika vya kutosha mwilini, waliomiminiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka walikufa zaidi ya wale ambao hawakumiminiwa. Vitabu vilikuwa vikifundisha kuyamimina. Huyo ni mtoto wa mtu, na dozi utaiandika wewe.

Basi mwaka wa kwanza usinunue kitabu chochote cha tiba. Ukifika wodini, anza na Mwongozo wa Taifa wa Matibabu wa Wizara ya Afya, toleo jipya kabisa. Unapakuliwa bure, na dawa zake ndizo utakazozikuta hospitalini kwetu. Vitabu vinene vya Uingereza na Marekani vina thamani yake, ila havikuandikwa kwa ajili ya wodi ambayo malaria, selimundu na kichocho ni wageni wa kila siku.

Kitabu cha kumpima mgonjwa, Macleod au Hutchison, kinunue mnapokaribia kuingia wodini. Cha patholojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyouharibu mwili, Robbins ile ndogo inatosha; ile kubwa isome maktaba.

Muulizeni pia mkutubi kuhusu Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002 kuzifungulia taasisi za nchi kama zetu majarida na vitabu vya kitabibu. Inasikitisha kuona mwanafunzi anajinyima chakula anunue kitabu ambacho pengine chuo kimeshamfungulia.

Mkiwa wanne chumbani, kaeni kikao kabla boom halijaingia. Kila mmoja achukue kitabu chake, mkubaliane nani anakaa na kipi usiku wa kuamkia mtihani, na muandike majina ndani ya jalada.