Aliingia na mguu, akaanza kukohoa

SWALI: Dada muuguzi, baba mkwe wangu alivunjika paja. Siku ya nne hospitalini akaanza kukohoa, homa ikapanda, akafariki. Majirani wanasema alilogwa. Sasa mama mkwe amelazwa kwa upasuaji, na mimi ndiye ninayemlinda. Nifanye nini?
Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Pole sana, mama. Mimi sisikii uchawi hapo, nasikia nimonia. Ile inayoanza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa hutokana na vijidudu vya hospitalini, na mzee anayelala chali muda mrefu ndiye windo lake: mapafu hayajai hewa, makohozi yanatuama, mate yanapotea njia.

Mwulize muuguzi lini mama mkwe anaruhusiwa kukaa na kutembea. Akiruhusu, mwinue kichwa na kifua, mhimize avute pumzi ndefu, msafishe kinywa asubuhi na jioni. Usimnyweshe uji akiwa amelala, hata akikusihi! Tunapenda kuwalisha wagonjwa wetu, na hapo ndipo uji huingia mapafuni.

Fungua dirisha, hata kama mvua ya Bukavu inaleta baridi, maana kifua kikuu husafiri hewani. Nawa mikono.

Akianza kuhema haraka, omba apimwe oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni. Chini ya asilimia 90, anahitaji oksijeni mara moja. Na ulizeni mapema, kabla giza halijaingia: umeme ukikatika, mashine ya oksijeni itawashwa na nini?